SOMO LA KIINGEREZA: KUKAMATA, KUNYAKUA NA KUTAZAMA

Wasomaji wetu walio katika madarasa ya watu wazima wanatuuliza swali moja kila mara: mbona Kiingereza cha kitabu na cha gazeti ni kama lugha mbili? Kitabuni mtu amejifunza "catch" na "look", basi. Akifungua gazeti anakuta "nab", "grab" na "nick", na hajui kama mtu amekamatwa, ameibiwa ama ameenda kula. Wacha tuyaangalie maneno haya pamoja.

"Catch" lenyewe sio gumu. Lilifika Uingereza na Wanormani kutoka Ufaransa, wale waliovamia nchi hiyo mwaka wa 1066, na hapo mwanzo maana yake ilikuwa kufukuza mnyama mawindoni. Ni ndugu ya "chase". Leo golikipa akidaka mpira ni "catch", samaki akinaswa ni "catch", ukipata mafua ni "catch" vilevile. Na mwalimu akikuuliza "Did you catch that?" hajakurushia kitu, anauliza kama umesikia alichosema.

Neno la magazeti ni "nab". Wahariri wanalipenda kwa kuwa ni fupi, na kichwa cha habari hakina nafasi. Ni la ukoo mmoja na "kidnap", yaani kuteka nyara, neno lililozaliwa Uingereza katika karne ya 17 wakati watoto walipokuwa wakiibwa na kupelekwa makoloni ya Marekani kufanyishwa kazi. "Kid" ni mwana-mbuzi, lakini mitaani ni mtoto, na "nap" ilikuwa kunyakua.

Basi kichwa kikisema "Police nab three", kinasema tu kwamba polisi wamekamata watu watatu. Hakisemi ni wezi! Hapa tunaomba msomaji atulie, maana neno moja likisomwa vibaya kwa sauti kule sokoni linaweza kumchomea mtu nyumba. Aliyekamatwa ni mshukiwa, hajahukumiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, inasema aambiwe upesi sababu ya kukamatwa, tena kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili. Afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, ama zikiishia wakati korti imefungwa, basi siku ya korti inayofuata. Na kifungu cha 50 kinampa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha inayotumika katika kesi. Wazee wetu wamezoea kujibu "yes" kwa heshima tu, hata pale hawajaelewa. Mbele ya hakimu hiyo "yes" inaweza kuchukuliwa kama kukubali kosa. Afadhali aseme wazi: "Sielewi, naomba mkalimani." Hiyo sio aibu.

Waingereza wenyewe wana "nick" na "pinch", maneno ya ajabu kidogo, kwa sababu mwizi na polisi wanayagawana. "He nicked my bicycle" ni kwamba ameniibia baiskeli. "He was nicked" ni kwamba amekamatwa. Na "collar" ni kushikwa shati pale shingoni, jambo ambalo makanga wa matatu hahitaji kufundishwa.

Sasa "grab". Kule Uingereza neno hili halina makosa mengi. "Grab a seat" ni jipatie kiti, "grab a bite" ni kula kitu haraka. Lakini kwetu Kenya limebeba uchungu, hata limeingia kwenye Kiswahili chetu cha kila siku: "Uwanja wa shule umegrabiwa." Tulilisikia sana miaka ya tisini. Januari 1999 marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa katika msitu wa Karura, Nairobi, walipokwenda kupanda miti kupinga ugawaji wa msitu huo kwa watu binafsi. Mwaka wa 2003 serikali iliunda Tume ya Ndung'u kuchunguza mambo ya ardhi ya umma, na ripoti ikatolewa 2004.

Angalieni jambo hili kwa makini: tume hiyo haikuundwa kuchunguza "grabbing". Kwa jina lake rasmi ilichunguza ugawaji wa ardhi ya umma usio halali na usiofuata utaratibu. "Grab" ni neno la barabarani, linafaa kwa kupiga kelele. Kikundi kikiandika barua kwa Tume ya Taifa ya Ardhi kwamba "our plot was grabbed", kimesema hasira yake lakini hakijasema habari. Andikeni nambari ya ploti, ilitengewa kazi gani, nani amejenga ua, tangu tarehe gani, na mlijulishwa ama hamkujulishwa. Hiyo ndiyo barua inayoweza kufanyiwa kazi.

Na kabla ya kununua kipande chochote kuna neno la kutazama ambalo ni lazima mlijue: "search". Katika mambo ya ardhi maana yake ni kuangalia rekodi za usajili uone shamba ni la nani na kama lina mkopo wa benki juu yake. Nairobi hufanywa kwa mtandao wa Ardhisasa, uliozinduliwa 2021. Kutembezwa shambani na kuonyeshwa mipaka sio "search", hata kama chifu alikuwepo.

"Look" nalo hubadilika kulingana na neno dogo linalolifuata. "Look for" ni tafuta, "look after" ni tunza, "look down on" ni dharau. Ofisi ikikuandikia "we are looking into it", inachunguza. Haijakubali wala haijakataa, kwa hivyo uliza nambari ya faili na siku ya kurudi. "Overlooked" ni kurukwa bila kuonwa. Mzazi akiambiwa jina la mtoto lilikuwa "overlooked" kwenye orodha ya basari, hajanyimwa. Arudi na fomu yake!

Ya mitaani ni ya kuchekesha. "Take a gander" ni kutazama kama bata bukini dume anavyonyoosha shingo. "Dekko" wanajeshi Waingereza walilitoa India, na "shufti" walilitoa kwa Waarabu. Dada zetu waliofanya kazi Saudi Arabia watalitambua mara moja. Vijana wetu nao wamechukua "check" wakapata "cheki".

Kwa mkutano ujao wa kikundi, kila mtu alete ukurasa mmoja wa gazeti la Kiingereza. Tafuteni "nab", "grab" na "look", kisha semeni kwa Kiswahili habari inasema nini hasa, na nini haijasema.