Redio ya Osaka haiimbi Tabata

"Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tumejinyima miaka mitatu ili tuagize Harrier Anaconda kutoka Japani. Mimi nimeipenda Premium iliyokamilika: redio kubwa, navigesheni, kamera, siti za umeme. Yeye anasema tuchukue ya bei nafuu, mengine mafundi wa Kariakoo watatufungia. Sasa hata chakula cha usiku tunakula kimyakimya. Nani anakosea? – Mama Wawili, Tabata."

Shangazi ameitikia marahaba, akaisoma barua mara mbili, na kwake kesi hii haina mshindi. Baba anakosea anaposema "mengine" kana kwamba vyote ni kapu moja. Mama naye anakosea kudhani kila kilichofungwa kiwandani kitamfaa huku.

Redio ndiyo mfano mzuri. Nyingi za magari ya Japani hushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za Tanzania zimetawanyika kati ya 87.5 na 108. Mwenye gari huishia kusikiliza stesheni mbili tatu mpaka fundi amwekee kibadilisha masafa. Navigesheni nayo imebeba ramani za Osaka na Nagoya, kwa maandishi ya Kijapani. Mama akiongeza fedha kwa ajili ya hivyo, atakuwa amenunua vitu vya kung'olewa.

Mifuko ya hewa ya pembeni ni habari nyingine kabisa. Hiyo, pamoja na mfumo wa kuzuia gari kuteleza, huunganishwa na bodi, nyaya na kompyuta tangu gari linaundwa. Hakuna fundi wa Kariakoo wa kuiongeza ikafanya kazi kama inavyotakiwa. Hapo mama asilegeze kamba.

Kamera ya nyuma na alamu zinafungika huku bila shida, fundi akiwa makini. Asiye makini hukata waya, akaunga kwa selotepu bila fyuzi. Leo alamu inalia saa nane za usiku, kesho betri imekufa, na shoti ikitokea gari linaweza kuwaka moto. Fundi mzuri hutumia soketi za kuchomeka, waya wa gari haukatwi. Baba akitamani rimu, akumbuke kwamba tairi kubwa kuliko za awali huifanya spidomita isome pungufu ya mwendo halisi. Na kava za siti zisizoachwa wazi ubavuni zinaweza kuzuia mfuko wa hewa uliomo ndani ya siti kufunguka.

Kabla ya kulipa, wawili hawa waombe hati ya mnada gari lilipouzwa Japani, na tafsiri yake. Humo, neno "junsei" humaanisha kifaa ni cha kampuni iliyounda gari. "Shagai" ni cha kampuni nyingine. Muuzaji anaweza kuita rimu "orijino", hati ikasema shagai.

Leo usiku wachukue karatasi moja. Mama aorodheshe vya ndani ya bodi, baba vya kuchomeka. Kisha watafute gari lenye vya mama vyote, hata kama redio yake ni ya hovyo. Chenji itakayobaki ni ya Kariakoo, na siku hiyo waende wote wawili, wasimame palepale fundi anapofungua dashibodi.