Dondoo Muhimu: Porsche 911 Katika Mvua
Mwenye Porsche 911 isukumwayo na magurudumu ya nyuma hana budi kutambua kwamba injini ya gari hii imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, na kwamba uzito huo, unaoyasaidia magurudumu kushika lami wakati wa kuondoka, ndio utakaoivuta sehemu ya nyuma kwenda nje ya kona endapo dereva, kwa taharuki, ataondoa mguu ghafula kwenye kanyagio la mafuta. Basi mwendo upunguzwe mapema, gari ingali imenyooka, na mafuta yaongezwe kwa taratibu, gia ikiwa ya juu kidogo kuliko dasturi. Nyuma ikiserereka, usukani uelekezwe upande ule ule inakokwenda, macho yakitazama njia itakiwayo.

Sheria za Ulaya huridhia mifereji ya tairi yenye kina cha milimita 1.6, lakini kwa rai yangu hiyo ni ruhusa ya kujihiliki, kwani tairi pana huelea juu ya maji upesi, na heri kuzibadilisha mifereji ifikapo milimita 3. Mtambo wa kuzuia utelezi usizimwe abadani.