Somo la Kikundi: Maandamano Yakipita Karibu na Sinagogi



Kabla ya kuanza, kiongozi asome Mithali 18:17 kwa sauti. Mstari huo unatufundisha kusikiliza upande wa pili kabla ya kukata shauri. Tutauhitaji sana leo.

Tukisikia neno "Wayahudi" wengi wetu tunafikiria watu wa Biblia tu. Leo tunazungumza juu ya raia wa kawaida wa Uingereza: mwenye duka, mwalimu, mama anayepeleka watoto shule. Wako chini ya laki 3 katika nchi yenye watu karibu milioni 70. Kwa miaka karibu 90 wamekuwa wakiwauliza polisi swali moja: maandamano yakija mtaani kwetu, mtamlinda nani?

OMBI LILILOKATALIWA

Mashariki ya jiji la London palikuwa na mtaa wa watu maskini. Wayahudi wengi walihamia huko kuanzia miaka ya 1880, wakikimbia mateso katika nchi ya Urusi. Mwaka 1936 mwanasiasa mmoja, Oswald Mosley, aliyewachukia Wayahudi waziwazi, alitangaza kwamba atapita hapo na wafuasi wake waliovaa sare nyeusi.

Wakaaji hawakukimbilia mawe. Waliandika ombi, wakazunguka nyumba kwa nyumba, wakakusanya makumi ya maelfu ya saini na kupeleka kwa waziri. Waliomba maandamano yazuiwe. Waziri alikataa.

Basi Jumapili tarehe 4 Oktoba 1936 askari wapata 6,000, wengine juu ya farasi, walitumwa kumfungulia Mosley njia. Katika barabara iitwayo Cable Street watu walipindua lori na kuziba njia. Wafanyakazi wa bandari wenye asili ya Ireland walisimama pamoja na Wayahudi. Virungu vilitumika, watu wakaumia. Mwishowe mkuu wa polisi alimwambia Mosley ageuke. Lakini wengi wa waliokamatwa ile siku walikuwa wale waliompinga.

Je, mambo yaliisha? Hapana. Jumapili iliyofuata vijana walivunja madirisha ya maduka ya Wayahudi katika mtaa wa jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bunge lilitunga sheria haraka, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1937. Ilipiga marufuku sare za kisiasa, na ikawapa polisi uwezo wa kubadilisha njia ya maandamano.

SHIDA IMERUDI KWA SURA NYINGINE

Tarehe 7 Oktoba 2023 kundi la Hamas lilishambulia Israeli na kuua watu wapata 1,200. Vita vilivyofuata huko Gaza vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Maandamano makubwa ya kudai vita vikome yakaanza London, mara nyingi siku ya Jumamosi. Tarehe 11 Novemba 2023 polisi walikadiria watu laki 3.

Sasa tusikilize pande zote mbili.

Wayahudi wengi walisema: Jumamosi ni Sabato yetu. Tunatembea kwa miguu kwenda sinagogi na watoto, na njiani tunakutana na umati. Wengi hawana ubaya, lakini wako wanaobeba mabango ya chuki, na hatujui nani ni nani. Wazee wengine waliacha kwenda katikati ya jiji, na wengine walificha kofia yao ya dini. Hofu hii ilikuwa na msingi. Shirika la Wayahudi liitwalo Community Security Trust liliandika matukio ya chuki zaidi ya 4,000 katika mwaka 2023, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia.

Waandamanaji nao walisema: Sisi tunalia kwa ajili ya watu wanaokufa. Kupinga serikali ya Israeli si kumchukia Myahudi. Hata Wayahudi wengine wanatembea pamoja nasi. Mkitufungia njia kwa sababu mtu fulani anaogopa, haki ya kuandamana itabaki jina tu.

Mnaona ugumu? Hakuna upande unaoweza kutupwa nje.

Mwezi Januari 2025 polisi wa London waliwakataza waandamanaji wasikusanyike mbele ya jengo la BBC siku ya Jumamosi, kwa sababu sinagogi liko karibu. Maandamano hayakufutwa, ila waliambiwa wakutane mahali pengine. Waandaaji walinung'unika sana, wakisema njia yao haikupita mlangoni pa sinagogi lolote. Siku hiyo, tarehe 18, watu zaidi ya 70 walikamatwa.

Halafu likaja jambo zito. Tarehe 2 Oktoba 2025, siku takatifu ya Yom Kippur, mtu mmoja aligonga watu kwa gari na kuwachoma kisu nje ya sinagogi huko Manchester. Walinzi na waumini walishikilia milango asiingie. Polisi walimpiga risasi dakika chache tu baada ya kuitwa. Waumini wawili walikufa, na mmoja wao alipigwa na risasi ya polisi alipokuwa akizuia mlango. Haya hayakuwa maandamano, na si haki kuwabebesha waandamanaji wote damu hiyo. Lakini tangu hapo hakuna awezaye kumwambia Myahudi wa Manchester kwamba hofu yake ni ya kujitakia.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Hofu ya walio wachache isikilizwe mapema. Mwaka 1936 saini zilidharauliwa, na barabara ikalipa.

2. Kusikilizwa si kupewa ufunguo wa kufunga kila mdomo. Mara nyingi dawa ni kubadilisha mahali, saa au siku, bila kufuta maandamano.

3. Kipimo kiwe kimoja. Askari akimvumilia huyu na kumpiga yule kwa kosa lile lile, pande zote mbili zitaacha kumwamini.

4. Jirani asilipe deni la serikali ya mbali. Myahudi wa London hakuamua vita vya Gaza. Vile vile Mwislamu wa London hakumtuma mshambuliaji wa Manchester.

5. Jamii ijipange. Shirika lile tulilolitaja, lililoanzishwa rasmi mwaka 1994, linafundisha watu wa kujitolea kulinda sinagogi na shule, kuandika kila tukio na kushirikiana na polisi. Hawachukui sheria mkononi. Daftari lao ndilo linalowapa nguvu ya kusema.

SISI JE?

Sheria yetu ya utulivu wa umma, Sura ya 56, tuliirithi kutoka kwa Waingereza wakati wa ukoloni. Inataka mwenye kuandaa mkutano au maandamano ampe OCS taarifa siku 3 mpaka 14 kabla. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Kwa hivyo kikundi chenu kikitaka kutembea mpaka ofisi ya wilaya kudai maji, andikeni taarifa, mbaki na nakala. Halafu ulizeni: tutapita mbele ya kanisa au msikiti gani, na saa ngapi?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ungekuwa mkuu wa polisi mwaka 1936, ungefanya nini na lile ombi la saini?

2. Je, uamuzi wa Januari 2025 ulikuwa wa haki kwa pande zote? Wawili wajibu kama waumini wa sinagogi, wawili kama waandamanaji. Halafu mbadilishane.

3. Katika kijiji chetu ni nani walio wachache, na mara ya mwisho tuliwauliza lini kama wanalala kwa amani?

Katibu aandike majibu. Funga kwa sala, mkiwakumbuka waliofiwa huko Israeli, Gaza na Manchester.