Katuni: Fumbo Lisilo na Maneno

Leo nawaletea somo fupi juu ya katuni za kisiasa. Msitie wasiwasi, hakuna mtihani!

Katuni ya kisiasa ni mchoro unaotumia chuku, kinaya na ishara kumsuta mkubwa. Hapa Kiplombe nimemwona mzee asiyejua kusoma akitazama katuni gazetini, akacheka na kusema, "Huyu namjua!" Siri iko hapo. Sentensi hukamatwa kwa maneno yake. Mchoro husema nusu tu, nusu ya pili inamaliziwa na mtazamaji. Sasa nani ashtakiwe?

Mwaka 1831 huko Ufaransa, Charles Philipon alishtakiwa kwa kumkejeli Mfalme Louis-Philippe. Kortini alichora uso wa mfalme ukigeuka hatua kwa hatua kuwa tunda la pea, akataka kujua kama pea nalo ni kosa. Alihukumiwa, lakini pea ikawa jina la mfalme. Lo! Anayepiga marufuku mchoro huwa amekiri kwamba umemfanana.

Tuje kwetu. Kabla ya vyama vingi kurejeshwa mwishoni mwa 1991, wachoraji wa magazeti waliogopa kuchora uso wa rais. Baadaye wachoraji kama Paul Kelemba (Maddo) na Godfrey Mwampembwa (Gado) waliuchora bila kificho. Halafu 2024 akaja Kibet Bull na picha zake za vivuli: weusi mtupu, hakuna macho wala pua, na bado kila Mkenya alimjua Rais William Ruto. Tarehe 24 Disemba mwaka huo Kibet alitoweka. Polisi walikana kuhusika. Alionekana tena Januari 2025.

Basi tujifunze mambo mawili. Kwanza, fumbo hupenya pale maneno yanapozibwa. Pili, fumbo si ngao. Linaweza kumshinda wakili kortini, lakini halimzuii mtu anayekuja bila hati. Kwa hivyo mchoraji anahitaji wasomaji watakaouliza, "Mwenzetu yuko wapi?" Kibet aliulizwa hivyo na wengi.

Ukiona katuni tena, jiulize: ni nani huyu? Kipi kimetiwa chuku? Na lipi halikusemwa, na kwa nini?

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Nasi tuwe werevu. Kiswahili kitukuzwe!