Uongozi wa Pamoja Shuleni
Wanafunzi wenzangu wa Ihanja, nilipokuwa kiranja katika shule nyingine, kaka mkuu ndiye aliyepanga zamu za kuteka maji. Dada mkuu alipewa ufagio tu. Zamu zikavurugika, kwani wasichana waliobeba ndoo hawakuulizwa neno. Hapo nikajifunza kwamba kugawana vyeo si kugawana uongozi.

Tumtazame Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 alianza kuongoza akina mama wa TANU, lakini hakuishia kwao. Alisimama jukwaani pamoja na Nyerere, akahutubia wanaume na wanawake, mpaka Uhuru ukapatikana mwaka 1961.

Basi katika baraza letu, dada mkuu na kaka mkuu waongoze kikao kwa zamu, na ufagio ushikwe kwa zamu vilevile. Kidole kimoja hakivunji chawa.