Jioni moja huko Unguja

Petro na dada yake Maria ni watoto wa Kasongo, katika nchi ya Maniema. Baba yao ni mwalimu. Wakati wa mapumziko makubwa aliwapeleka pamoja na mama yao kutazama Unguja. Walivuka ziwa Tanganyika kwa meli, toka Kalemie mpaka Kigoma. Kisha wakapanda gari la moshi mpaka Dar es Salaam: ni kilomita zaidi ya 1,200! Zamani watu walikwenda njia ile kwa miguu, na wengi walibeba pembe za ndovu begani.

Saa kumi, jua lilipopungua ukali, walitoka kutembea katika Mji Mkongwe. Njia zake ni nyembamba, motokari haziwezi kupita. Nyumba ni ndefu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Lakini milango ndiyo inayostaajabisha: mbao nzito zilizochongwa maua, tena zimepigwa misumari mikubwa ya shaba. Maria alianza kuhesabu misumari ya mlango mmoja, akachoka.

Huko Shangani Baba alisimama mbele ya nyumba moja ya kale.

«Mwenye nyumba hii aliitwa Hamed bin Muhammed,» akasema. «Sisi tunamjua kwa jina la Tippu Tip.»

«Yule wa Kasongo?» akauliza Petro.

«Ndiye. Alikaa kwetu, akapata mali nyingi ya pembe. Mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Akarudi hapa, akafa mwaka 1905.»

Petro alipapasa mlango. Ulikuwa mlango mzuri, hakuna wa kukataa.

Kutoka hapo wakaenda Mkunazini. Pale palikuwa soko la watumwa, mpaka Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873. Sasa pana kanisa kubwa la Waanglikana. Nje ya kanisa kuna shimo, na ndani yake sanamu za watu watano, wanaume na wanawake, wamefungwa mnyororo shingoni. Watoto walinyamaza.

«Baba, hawa walitoka wapi?» Maria akauliza polepole.

«Pengi. Wengine walitoka kwetu. Watu wa misafara walichoma vijiji, wakafunga watu. Na watu wa misafara ile ile ndio walioleta Kiswahili tunachosema nyumbani.»

Mama akamshika Maria mkono, wakatoka.

Giza liliingia upesi. Kila njia ilifanana na nyingine, na Baba, ingawa ni mwalimu, alipita mahali pamoja mara tatu. Mwishowe waliona mwanamke mzee ameketi barazani pamoja na wajukuu wake. Petro akamsalimu kama kwao:

«Jambo, koko!»

Wajukuu wakacheka sana, kwa maana huko bibi haitwi koko.

«Msiwacheke wageni,» yule bibi akasema. «Mnatoka wapi, wanangu?»

«Shikamoo, mama,» akasema Baba. «Tunatoka Kongo, nchi ya Maniema.»

«Marahaba.» Bibi akawatazama mmoja mmoja. «Mama wa bibi yangu aliitwa Mmanyema. Aliletwa angali mtoto mdogo. Jina la kijiji chake alilisahau. Alikumbuka mto tu, mto mkubwa sana.»

«Ni Lualaba!» akasema Petro.

«Vipi?»

«Lualaba, koko. Hata mimi nimeoga humo.»

Safari hii hakuna aliyecheka. Bibi alilirudia jina lile mara mbili, taratibu, kama mtu anayejifunza kusoma. Halafu akamwambia mjukuu wake mkubwa awaongoze wageni mpaka Forodhani, kwa kuwa pale pweza na samaki walikuwa wakichomwa, na watoto walikuwa na njaa.

Maulizo. — Familia ilipita wapi toka Kalemie mpaka Unguja? Soko la watumwa lilifungwa mwaka gani? Kwa nini wajukuu walicheka? Katika kijiji chenu, wazee wanasema nini juu ya misafara ya zamani? Waulize, uandike maneno yao.