Mke Si Mkombozi

Wapendwa wanandoa, riwaya za mapenzi za Kikristo zinazohusu wanamichezo huenda hivi: mchezaji hodari amezama katika ulevi na anasa, anakutana na binti mcha Mungu, binti anasali, kijana anatubu, wanafunga ndoa. Zisomeni, hazina ubaya. Lakini kitabu huishia altareni, ninyi mkaanzia hapo.

Mkumbukeni Samuel Wanjiru wa Nyahururu. Mwaka 2008, akiwa na miaka 21, aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, huko Beijing. Desemba 2010 alishtakiwa kutishia kumwua mkewe. Februari 2011 walipatana, mke akaondoa shtaka hilo. Mtunzi wa riwaya angeweka kalamu chini hapo. Mei 15 mwaka huohuo Wanjiru alikufa baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake, usiku wa ugomvi.

Simhukumu marehemu, Mungu ndiye ajuaye moyo. Nasema nawe, mama unayepigwa Jumamosi na kusamehe Jumapili. Katika Kitubio, Kanisa haliridhiki na machozi: linadai majuto, maungamo, kusudi la kutorudia, na malipizi. Samehe, ndiyo. Lakini kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa inakuruhusu kutengana na mume anayehatarisha maisha yako au ya watoto, na hatari ikiwa karibu huhitaji kungoja kibali cha Askofu.

Nawe baba, mwendee padre na wasimamizi wenu wa ndoa wiki hii, kabla ya Jumamosi.